Kilichomvimbisha Tumu

Bi Mize amezikwa Uroa juzi baada ya sala ya adhuhuri, na mimi kwa magoti yangu haya nilipakiwa kwenye gari ya mjukuu wa jirani nikaenda kukaa matangani. Niliwekewa kiti cha plastiki, wenzangu wako mkekani, maana nikikaa chini kuniinua ni kazi ya watu wawili. "Shikamoo bibi." "Marahaba." Hakuna aliyeniuliza mimi nani kwa marehemu, na angeniuliza ningepata tabu kumjibu. Ndugu si ndugu, jirani si jirani. Tulikuwa mashoga kwa mwaka mmoja, kisha tukawa watu wawili wanaojua jambo moja, na hilo likatuweka pamoja mpaka mauti. Nikawasikiliza wakimsifu. Mpole, fundi wa mikeka, hasemi na mtu. Hasemi na mtu! Kana kwamba kulikuwa na watu wakisema naye. Mwanamke mmoja karibu yangu akamnong'oneza mwenziwe, "Lakini alikuwa na lake huyu, Mngu amsamehe," na mwenziwe akaitikia amina. Hasira ikanipanda pale pale. Hasira matangani ni aibu, nikaimeza na kahawa, na ndiyo ninayoitoa hapa.

Ya ukoo wangu siyagusi. Anayeyataka aende Wete akaulize, wapo waliobaki wenye muda wa kuyasimulia. Naanzia pale nilipopata kazi katika maabara ya hospitali mjini, mwaka mmoja wa mwisho mwisho wa miaka ya hamsini, msichana mwenye cheti cha shule na buibui moja. Maabara yenyewe ilikuwa chumba kirefu chembamba nyuma ya jengo, dirisha lake linatazamana na ukuta. Mkuu wangu alikuwa Bwana Menezes, Mgoa mwenye mvi, mjane, aliyekuwa akila mkate wake amesimama huku anasoma. Daktari wa watoto, mama wa Kiingereza, alimtaka apime damu za watoto waliovimba ambao walikuwa wakiletwa wodini kutoka mashamba. Leo hata mtoto wa shule anajua jina la kwashakoo. Wakati ule madaktari wenyewe walikuwa bado wanabishana ni kitu gani hasa kinachokosekana.

Bwana Menezes alinifundisha kwa Kiswahili chake cha sokoni na Kiingereza cha vitabuni, na alipenda kufundisha kama wengine wanavyopenda tambuu. Protini, alisema, ndiyo nyama ya mwili, ndiyo nywele na kucha, ndiyo pia vitu vingi visivyoonekana vinavyoelea ndani ya damu. Na zote zimetengenezwa kwa vitu vidogo viitwavyo asidi amino, ambazo aina zake ni kama ishirini tu. Kila asidi amino ina mikono miwili isiyofanana. Mkono wa kulia wa hii huushika mkono wa kushoto wa ile, na zikishikana hutoka chembe ya maji. Zikishikana chache unapata peptidi. Zikishikana mamia, mnyororo ukajikunja na kujipinda mpaka ukapata umbo lake maalumu, hiyo ndiyo protini. "Ishirini tu, Zuwena," akasema, "na zinatengeneza samaki changu, ngamia na malkia." Ukitaka kujua mnyororo umeshikanishwa na nini, unauchemsha ndani ya asidi kali mpaka mikono yote inaachana. Tone lake unalitia ukingoni mwa karatasi, unaiweka karatasi ndani ya tangi la kioo lenye dawa yenye harufu ya siki iliyochacha, na ile dawa inapanda karatasini taratibu. Asidi amino nazo hupanda, kila moja mpaka pale tabia yake inapoifikisha, ikabaki hapo peke yake. Bado huoni kitu. Unaikausha, unaipulizia dawa iitwayo ninhidrini, unaipasha moto, ndipo madoa ya zambarau yanapojitokeza moja baada ya jingine, isipokuwa moja lenye ubishi ambalo hutoka la manjano.

Niliipenda saa ile kuliko siku nzima iliyobaki. Uingereza kulikuwa na mtaalamu aliyekwisha kuipangua insulini yote na kujua ni asidi amino gani inafuata ipi, tangu mwanzo wa mnyororo hadi mwisho, na Bwana Menezes alinisimulia habari hiyo tena na tena kwa furaha ya mtu ambaye mwanawe kafaulu mtihani, kwa sababu hakuwa na mwengine wa kumsimulia. Nami sikuwa na mwengine wa kunisimulia lolote. Nikifikiri sasa naona tulikuwa wapweke wawili katika chumba kimoja, kila mmoja akimstahi mwenziwe kiasi cha kutomuuliza kitu.

Nilipanga chumba cha juu kwa Bi Khole, mtaa wa Malindi hapo hapo mjini, katika nyumba ya wanawake peke yao: yeye, dada yake, na wake za wanawe wawili waliokuwa wakifanya kazi Dar es Salaam. Walikula pamoja chini ya ngazi, sinia moja, mikono inapishana kwenye wali, na miezi ya mwanzo nilikula nao. Vidole vyangu vilikuwa vimeshageuka rangi, kwa sababu ninhidrini haichagui. Jasho la mkono lina asidi amino zake, na dawa ikizigusa inazitia rangi ile ile. "Mwenzetu leo kashinda mzambarauni," walinitania. Nikawaeleza kwamba rangi haikutoka kwenye dawa, imetoka kwangu mwenyewe, dawa imeidhihirisha tu. Nilidhani nimewatoa hofu. Kumbe maneno yale ndiyo yaliyowatia hofu kuliko rangi.

Ijumaa moja nikasaidia kukanda chapati. Nilikuwa nimenawa kwa sabuni, lakini dawa ile ikiingia pembeni mwa kucha haitoki kwa kunawa mara moja. Chapati ya kwanza ikalala kwenye chuma, ikapata moto, na kila mahali kidole changu kilipobonyeza pakatokea doa la zambarau, alama kamili na mistari yake. Mke wa mwana mkubwa akapiga ukelele akaangusha upawa. Nami nilielewa mara moja: unga una protini, moto umefanya kazi yake. Mungu anisamehe, nilifurahi. "Tazameni," nikasema, "hata ngano inazo!" Hakuna aliyetazama. Donge lote likatupwa, chuma kikasuguliwa kwa mchanga, na tangu siku ile chakula changu kikawa kinawekwa kwenye sahani ya bati, kimefunikwa kawa, juu ya kipandio cha ngazi.

"Si kwa ubaya, mwanangu," aliniambia Bi Khole. "Wenzio wana kinyaa. Mie mwenyewe sina neno." Na yeye mwenyewe hakula tena na mimi. Nikawa nachukua sahani yangu napanda nayo juu, na kupitia tundu la sakafu nasikia vikombe, vicheko, na mazungumzo ya watu walioshiba. "Ati kule wanachemsha maiti." "Si maiti, damu." "Na damu ya nani, kama si ya mtu?" Nililia juu ya sahani ile kuliko nilivyolia siku niliyoondoka Pemba. Watu husema njaa ndiyo inayomtesa mgeni. Mimi sikuwa na njaa hata kidogo, wali wao ulikuwa mzuri na hawakunipunguzia nyama. Nilichokikosa ni mkono wa mtu mwengine kwenye sinia.

Hali ilikuwa hiyo nilipotumwa wodini kuchukua damu ya mtoto mmoja kutoka Uroa. Jina lake Tumu, umri wake kama miaka miwili. Uso ulikuwa umevimba macho yakawa mistari, miguu imejaa maji, nywele zimepauka zikawa nyekundu, ngozi ya mapaja inabanduka. Hakulia nilipomchoma kisigino. Watoto wale hawakuwa wakilia, na ndicho kilichotutisha zaidi. Mama yake alikuwa amekaa chini ubavuni mwa kitanda, mwanamke mwembamba anayenizidi mimi miaka michache, anasuka ukili wa mkeka bila kuutazama. Akaniangalia vidole. Nikavikunja. "Umekula zambarau na msimu bado?" akauliza, na kabla sijajibu akanisogezea sahani yake ya muhogo. "Basi kula na chumvi, utoe ukakasi." Nikakaa nikala. Vidole vyake na vyangu vikakutana kwenye kipande kimoja, akanisukumia. Huyo ndiye Mize. Sikumwambia siku ile kwamba nilikuwa nimesahau jinsi ya kula na mtu.

Kuanzia hapo kila adhuhuri nilibeba mkate wangu nikaenda kula naye barazani kwa wodi. Aliniambia maziwa yake yalikatika alipougua homa, mumewe Makame akiwa dagoni, kwenye kambi za wavuvi wanaohama na samaki, huko bara. Mtoto akawa analishwa uji wa muhogo na bibi yake. "Na samaki?" niliuliza. "Uroa nzima ina samaki." Akanishangaa. "Samaki kwa mtoto asoota magego? Si atafanya minyoo? Anapewa mchuzi." Na mayai, je? Mayai yangemchelewesha kusema. Basi mtoto amekaa mita chache kutoka pwani, ngalawa zinashusha changu na tasi mbele ya mlango wao, yeye anapewa maji ya samaki. Nisiwacheke, hata mimi nililelewa kwa mchuzi, ila kwetu kulikuwa na ng'ombe.

Nikataka aelewe. Nilichukua ukili wake mkononi nikamwambia: tuseme hizi miyaa, hizi chane za ukindu unazozisuka, ndizo asidi amino. Ukizishikanisha moja kwa moja unapata ukili. Ukili ule ule ukiuzungusha na kuushona unapata mkeka, au kapu, kila kitu na umbo lake. Sasa mtu akila samaki, tumbo linaufumua ule mkeka wa samaki wote, miyaa inabaki mbali mbali, kisha mwili unajisukia mikeka yake wenyewe. Kuna miyaa mwili unaweza kujitengenezea. Kuna mingine hauwezi kabisa, lazima iletwe na chakula, na muhogo hauileti. Ndani ya damu mna protini ambayo kazi yake ni kuyazuia maji yasitoke kwenye mishipa. Isiposukwa, maji yanatoka, mtoto anavimba. Mize alinisikiliza amekunja uso, kisha akauchukua ukili wake. "Mie nkisuka ukili wa rangi," alisema, "nkishiwa myaa mwekundu, hata niwe na myeupe gunia zima, nnasimama. Siwezi kuendelea." Nikamwambia ndivyo hasa. Akamtazama mwanawe. "Basi kasimama," akasema.

Daktari aliagiza Tumu anyweshwe maziwa ya unga yaliyotolewa mafuta, kidogo kidogo kwa kijiko. Mwanzoni hayakukaa. Aliyatapika, akaharisha, akazidi kunyong'onyea. Kwenye karatasi yetu damu yake ilikuwa na madoa hafifu pale ambapo damu ya mtoto mzima inatoa madoa mazito, na yaliyofifia ndiyo hasa ya zile asidi amino ambazo mwili haujitengenezei. Bwana Menezes aliiinua karatasi dirishani akayahesabu madoa mara mbili. Wakati huo huo ndipo Makame aliporudi kutoka dago akaja wodini na mama yake, Bi Hawa, na ami zake wawili, na wakaja na neno ambalo huko Uroa lilikuwa limeshaamuliwa: Tumu kabemendwa.

Anayeijua pwani hahitaji kuelezwa, lakini vijana wa leo wanajifanya hawajui. Mtoto mchanga akivimba au akidhoofu, husemwa kwamba mzazi wake mmoja katoka nje ya ndoa na kosa lile limempata mtoto. Dawa yake ipo, mtoto hukogeshwa, ila haifanyi kazi mpaka mkosaji akiri kwa kinywa chake. Si lazima amtaje aliyekosa naye, kukiri kunatosha. Makame alikuwa safarini miezi, mtoto akavimba yeye hayupo. Hesabu yao ilikuwa fupi. Wakataka Mize akiri na mtoto arudishwe Uroa akakogeshwe. Daktari alikataa, lakini kukataa kwake kulikuwa kwa siku moja mbili tu. Mtoto ni wa baba, na wodi si jela. Sote tulijua kwamba mtoto akitolewa kwenye maziwa yale kurudi kwenye uji wa muhogo, atakufa.

Nilikimbia maabara nikachukua karatasi ya Tumu na ya mtoto mzima, nikaja nazo barazani, nikasimama mbele ya Makame. Nilieleza yote, miyaa, mikeka, maji kwenye mishipa. Makame alikuwa kijana mpole, macho mekundu kwa safari na kwa kulia, na alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza taratibu, "Hizi rangi zako, dada, zinajua mke wangu alikuwa wapi mwezi wa Rajabu?" Nikasema hazijui, lakini zinajua mtoto kavimba kwa nini. "Basi hazijui nnachouliza mie," akasema. Bi Hawa alikuwa haitazami karatasi, anatazama vidole vyangu. Akavuta kanga akamfunika mtoto miguu, nisije nikamgusa. Nimeishi miaka mingi na nimeshindwa mabishano mengi, lakini kushindwa kule bado kunaniuma, kwa sababu nilikuwa na haki yote mkononi na haikuwa na kazi.

Mize alikuwa akisuka muda wote ule. Alikwishaniambia, na namwamini kama ninavyoamini kufa, kwamba hakuna mwanamume aliyevuka kizingiti chake Makame alipokuwa dagoni. Akauweka ukili chini. "Nkisema, mtoto atabaki?" akauliza.

"Abaki wapi?" Bi Hawa akadakia.

"Hapa. Dawa mkogesheni hapa hapa, na maziwa ayanywe mpaka daktari aseme basi."

"Sema kwanza," akasema ami mmoja.

"Nshasema sharti langu. Makame, apia."

Makame aliwatazama ami zake, akamtazama mama yake, akamtazama mtoto. "Wallahi atabaki," akasema.

"Mize, usiseme uongo!" nilipiga kelele, nami si mtu wa kelele.

"Nani kakwita wewe?" Bi Hawa akanigeukia.

Mize hakunitazama hata kidogo. "Basi nimekosa," akasema. "Ulipokuwa safari. Nimekosa." Alilisema wazi, kwa sauti ya mtu anayeitikia jina lake, na Makame akaanza kulia, na huku analia akamtamkia talaka mbele ya ami zake. Mtu mzima anayelia na kuacha mke kwa wakati mmoja ni kitu ambacho sikukijua kabla ya hapo. Hakuwa mtu mbaya. Ningependa awe mbaya, ingekuwa rahisi kwangu. Walimkogesha Tumu pale pale kwenye karo ya wodi, kwa maji yenye majani, muuguzi mkuu akageuza uso kwa amri ya daktari, na mtoto akarudishwa kitandani akapewa kijiko chake cha maziwa. Yalikaa.

Uvimbe ulimtoka haraka. Akatoka mtoto mwengine kabisa, amekonda mpaka mbavu zinahesabika, lakini anatazama. Kisha siku moja nilipomchoma kisigino akalia, kilio kikubwa cha hasira, na wodi nzima ikacheka. Tulipotengeneza karatasi yake ya mwisho madoa yalikuwa yamekolea pale yalipokuwa hafifu, yote, yamejipanga kila moja mahali pake. Bwana Menezes akaniambia ni karatasi nzuri kuliko zote tulizotengeneza mwaka ule. Nikaitazama nikalia. Akaniuliza kulikoni na sikuweza kumweleza, maana ingebidi nimweleze kwanza kwamba huko wodini na Uroa na njia nzima baina yao, watu walikuwa wakisema: mmeona, mama kakiri, mtoto kapona. Tulikuwa na haki sisi wawili ndani ya chumba kinachotazama ukuta, na haki ile haikutoka mlangoni.

Tumu alipopewa ruhusa alichukuliwa na Bi Hawa. Mwanamke aliyekiri kosa lile haachiwi mtoto. Hakuna aliyeona haja hata ya kulijadili. Bi Hawa alimchukua mgongoni, kanga imekazwa, akapita mbele ya Mize bila salamu. Makame alifuata na furushi. Mize alisimama barazani mpaka gari la shamba likaondoka, kisha akakaa pale tulipokuwa tukila muhogo wetu, akasema, "Nilijua," akauchukua ukili wake akasuka mpaka jioni. Uroa hakurudi kuishi. Alikwenda Bububu kwa shangazi yake kiziwi, akapewa chumba cha uani, akawa anasuka mikeka ya kuuza. Bi Khole nilimwomba anikubalie nimlete Mize tukae chumba kimoja. "Wewe na zambarau zako nshakuvumilia," akanijibu. "Huyo, hapana."

Ijumaa nilikuwa nakwenda Bububu. Chumba chake kilikuwa na kitanda cha kamba, mtungi, na harufu ya ukindu mbichi unaokauka. Tulikula sahani moja, samaki na ugali au ndizi mbichi kwa nazi, yeye akinitolea miiba, na huo ndio ulikuwa mlo wangu wa wiki. Hiyo mingine ilikuwa kujaza tumbo tu. Nilikuwa na furaha hapo, na nilijua kuwa furaha yangu imejengwa juu ya msiba wake. Ijumaa moja sikuweza kuvumilia. Nikamwambia daktari yuko tayari kwenda kwa kadhi kueleza, Bwana Menezes yuko tayari, mimi nitakwenda na karatasi zote. Mtoto keshapona, ahadi ya Makame imeshatimia, kuna nini tena cha kuogopa? Aseme tu kwamba alikiri uongo, apate jina lake, labda apate na mwanawe.

Aliendelea kusuka. "Karatasi yako naiamini, shoga," akasema. "Tangu siku ile ya miyaa naiamini. Lakini mwanangu simuweki rehani juu ya kitu nnachokiamini. Jee, ukiwa umekosea wewe na Mgoa wako? Jee, ikiwa kweli vilifanya kazi vyote viwili, maziwa na neno? Nkilirudisha neno, akavimba tena, ntamwambia nini Mngu?" Nikamwambia hawezi kuvimba kwa hilo. "Na hata asivimbe," akasema, "wao watamngoja avimbe. Akipata mafua watasema ni mama yake, kavunja dawa. Sasa hivi wanamtazama wanaona mtoto aliyepona. Wanampa na samaki, nimesikia, kwa kuwa daktari kawaapisha. Wacha wamuone hivyo." Kisha akanishika mkono, vidole vyangu hivi, akanitaka niape. Nisiseme kwa mtu yeyote madamu yeye yu hai. "Nkifa, ukiwepo, mwambie mwenyewe Tumu. Ye peke yake. Akitaka kuwaambia watu, shauri yake." Niliapa. Mwaka uliofuata nilipelekwa Kampala kusomea kazi yangu, na niliporudi tulikuwa watu wazima wenye mazoea ya kila mmoja chumbani kwake. Nilikwenda kumwona mpaka magoti yaliponikataza. Hatukulizungumza tena.

Juzi, hitma ilipokwisha na wanawake wakaanza kutafuta viatu na mabuibui yao, mwanamke mnene mwenye mvi alikuja akakaa miguuni pangu. "Shikamoo, bibi. Mie Tumu," akasema. "Nimeambiwa ndo wewe yule wa hospitali." Nikamtazama mikono na mashavu. Yeye akaendelea, kwa haraka ya mtu aliyejipanga njia nzima. "Nshakuwa mtu mzima, nna wajukuu, sina tena wa kumuonea haya. Nataka unambie jina lake yule mwanamume. Kama kafa nimsomee naye Fatiha. Walikosa, lakini mama alikiri, na kwa kukiri kwake nkapona. Nimechoka kuwachukia."

"Hakukuwa na mwanamume," nikasema.

Nikamweleza. Sikumweleza vizuri, nilianza na maziwa nikarudi kwenye dago, nikataja miyaa, nikataja sharti alilolitoa mama yake barazani na Makame akaapa. Alinikatiza mara moja tu, kuuliza, "Alikuwa akijua atanikosa?" Nikamwambia alijua. Kisha nikamweleza kiapo changu na sababu yake. Alikaa ameinamisha kichwa, mikono yake miwili minene imelala mapajani.

"Nlipita Bububu nkiwa na wanangu wawili wadogo," akasema. "Alikuwa mlangoni pake. Alinijua. Nkageuza uso, nkavuka upande wa pili wa njia. Alikwambia hilo?"

"Alinambia."

"Alisema nini?"

Ningeweza kumdanganya, lakini uongo katika habari hii ulikuwa umeshatosha. "Alisema umenenepa," nikamwambia. "Alinionyesha kwa viganja, mikono yako hivi, mashavu yako hivi. Alifurahi kutwa nzima."

Tumu alitoa sauti ambayo sitaieleza. Wanawake walio mlangoni wakageuka. Akajifuta uso kwa ncha ya mtandio, akaniegemea goti bovu akasimama, na kwa sauti ya kusikika mpaka nje akasema, "Jamaa, msende. Kaeni kitako. Nna neno juu ya mama yangu." Waliokwisha kuvaa viatu wakavivua, wakakaa.